Mama Mkwe Aliyeona Haya

Nimefundisha falsafa ya elimu katika chuo cha walimu kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila muhula hakosekani mwanafunzi wa safu ya nyuma wa kuuliza swali lile lile. Mtu atajuaje kwamba mwenzake ana fahamu? Huenda mwenzake ni mwili tu unaotembea na kujibu salamu, na ndani hamna mtu. Darasa hucheka. Mimi huandika ubaoni jibu lililo kwenye silabasi, kwamba tunakisia kutokana na matendo, kisha naangalia saa. Sikuwahi kuliamini sana jibu hilo wala kulikataa. Nilikuwa nimeshachoka na maswali ya mitihani, na hilo lilikuwa mojawapo.

Halafu mama mkwe wangu akapatwa na kiharusi.

Lazima nieleze kwanza tulivyoishi mimi na yeye, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi yetu. Kwetu, mwanamume hampi mama mkwe wake mkono. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao hutafuta kichaka. Nililetwa Nyeri na kazi, nikampenda msichana wa Othaya, na mama yake alinikataa katakata kabla hata hajaniona. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu ambaye kumzika tu ni safari ya siku nzima.

Siku tulipopeleka posa alinijia uani mbele ya watu wote akiwa amenyoosha mkono. Nadhani alitaka kuupima wangu kama umewahi kushika jembe. Mimi nikarudi nyuma, nikainamisha kichwa na kutazama viatu vyangu. Wengine walidhani nimemtukana. Yeye alisimama kidogo, akageuka, akaingia jikoni, na sauti yake ikatoka humo. Alisema hata wao zamani walikuwa hivyo. Nyanya yake hakuwahi kula mbele ya mkwe, ni watoto wa siku hizi walioharibu mambo.

"Huyu ako na heshima," alisema. "Huyu apewe chai."

Nikapewa chai, na baadaye nikapewa mke.

Tangu siku hiyo hatukutazamana kamwe. Alipokuja kwetu Skuta, mtaa wa hapo Nyeri, alikaa jikoni, mimi nikakaa sebuleni, mlango ukaachwa nusu wazi, na tukaongea. Sidhani kuna mtu Nyeri nzima niliyeongea naye kwa raha kama yeye. Alinisimulia siasa za kanisa lake, nani ameondolewa kwenye kwaya na kwa nini, ng'ombe yupi ana kiburi, na mapungufu ya chai ya upande wa pili wa mlima. Akitaka kunigombeza alipitisha kwa mke wangu, ingawa nilikuwa nasikia kila neno. "Mwambie mwalimu hiyo kikohozi si ya kucheza nayo. Aende aonwe." Mke wangu aliacha zamani kutupitishia maneno. Alisema sisi ni redio mbili zilizowashwa katika nyumba moja. Nilijua sauti ya mama yule, mgongo wake, na kitambaa cha kichwa ambacho hakuwahi kukivua mbele ya watu. Uso wake nilikuwa naujua kwa picha.

Shemeji yangu mkubwa, kifungua mimba wake, ndiye aliyemkuta ameanguka karibu na zizi asubuhi ya kukama. Akaletwa hospitali Nyeri. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yameondoka yote. Mke wangu alikuwa akifanya kazi Kerugoya, katika ofisi za kaunti, na likizo zake zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alikuja wikendi tu. Shemeji alikuwa na majani chai yasiyongoja mtu. Chuo changu kilikuwa kimefunga. Basi mimi, mtu wa mwisho aliyepaswa kukaa kando ya kitanda kile, ndiye niliyekaa.

Nilikaa nimempa mgongo, kiti kimeelekea dirishani. Muuguzi wa wodi hakupendezwa.

"Mwalimu, shosho si ukuta. Geuka umwongeleshe."

Nikamweleza mambo ya kwetu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema mila zote ziachwe pale getini zinapoachwa pikipiki. Alikuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi na siwezi kumlaumu. Chakula chenyewe kilipita kwa mpira mwembamba wa puani, lakini walitaka tujaribu uji kwa kijiko ili koo lijifunze tena kumeza. "Shika hiyo kijiko, uji inapoa." Nilikishika huku nikitazama ukutani, na mara mbili nikamgonga nacho shavuni. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa. Mwishowe nilizoea kumwomba binti ya mgonjwa wa kitanda cha pili anisaidie, nami nikaenda kusimama kwenye korido nikisoma maelezo ya kunawa mikono mpaka nikayajua kwa moyo.

Jambo moja lilinipa nafuu. Kila nilipoingia, nilimkuta amelala.

Daktari wa wodi alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituita mimi na shemeji akatuambia ukweli bila kuuzungusha. Walikuwa wamemwambia mgonjwa afumbe macho, ainue kidole cha mkono mzima, afuate tochi. Walisema kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu na ya chini. Hakufanya lolote.

"Kuamka anaamka," daktari alisema. "Macho yanafunguka na kufungika. Lakini kama yeye mwenyewe anajua kwamba ameamka, hapo siwezi kuwaambia."

Shemeji alitazama mikono yake iliyopasuka kwa kazi. "Mama alikuwa mtu wa kuongea," alisema. "Huyu si mama. Tutoe hiyo mpira twende naye nyumbani, apumzike."

Ningetaka kusema nilimchukia kwa neno hilo, lakini sikumchukia. Alikuwa amechoka, mimi nilikuwa nimechoka, na neno kupumzika lilisikika tamu masikioni mwetu sote. Tulikubaliana kwamba Jumamosi, mke wangu akija, familia ikae na kuamua. Mpira ukitolewa, hakuna aliyehitaji kuelezwa kitakachofuata.

Kabla ya hapo daktari alitaka mtaalamu wa magonjwa ya akili amwone, kwa sababu kuna watu huganda kwa huzuni au kwa maradhi ya akili, wasiseme wala kula, na hao hutibika. Akaja daktari mwanamke, umri wa binti yangu, anayezunguka miji ya mlima huu, leo Nyeri, kesho Kerugoya, viatu vyake vikiwa na matope ya kote. Aliuinua mkono mzima wa mgonjwa na kuuachilia aone kama utabaki hewani. Ulianguka. Akamsemesha kwa Kikuyu cha taratibu, akangoja, akasemesha tena. Kisha akaja kwenye benchi la korido akaniuliza mimi ni nani na nafanya kazi gani. Nilipomwambia ninachofundisha, alicheka huku akipiga miayo.

"Basi tunafanya kazi moja, mwalimu. Tofauti ni kwamba watu wako hawafi."

Nilimuuliza swali la safu ya nyuma. Safari hii sikuwa nauliza kwa ajili ya mtihani. Alisema watu hudhani fahamu ni kitu kimoja, ama kipo ama hakipo, lakini yeye kila siku hukutana nayo ikiwa vipande. Kuna aliye macho lakini hajui yuko wapi. Kuna anayejua yuko wapi, jina lake na la kijiji chake, lakini hajui kwamba sauti anazosikia ni ugonjwa. Na hakuna chombo cha kuona fahamu yenyewe, hata katika mji mkubwa. Kinachoonekana ni jibu. Njia ya jibu ikikatika, mtu anaweza kuwa ndani na wote wakapita wakidhani hakuna mtu.

"Huyu huenda maneno yamemtoka kabisa," alisema. "Si kusema tu, hata kuelewa. Ukimwambia afumbe macho, anasikia kelele za mtu."

"Sasa mtamuuliza na nini?"

"Na kitu kisichohitaji maneno. Nikikijua nitakuja."

Akaondoka. Nakumbuka nilikuwa na njaa na nilikuwa nawaza mandazi.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mfanyabiashara wa sokoni aliyevunjika mguu, mtu wa mzaha asiyenyamaza hata akidungwa sindano. Siku iliyofuata, nilipoingia na chupa yangu ya chai, aliangua kicheko.

"Mwalimu, kwani hata wanafunzi wako hulala hivi? Huyu mama ako macho tangu asubuhi. Anaangalia dirisha, anaangalia hata mkate yangu. Wewe ukikanyaga hapo mlangoni tu, usingizi!"

Wodi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, nikaweka chupa chini, halafu nikatoka kwenda kukaa kwenye benchi. Ule haukuwa usingizi. Miaka yote mama yule aliposikia viatu vyangu aliingia jikoni. Sasa hakuweza kuingia popote, nusu ya mwili ilikuwa imemkataa. Alichobaki nacho ni kope zake, na kila nilipoingia alizifunga.

Nilimpigia simu yule daktari wa akili. Alikuja Ijumaa mchana, akanionya kwamba watu wa familia huona wanachotaka kuona. Kisha akaanza kunitumia kama chombo cha maabara. Alipeleka kwanza mwanamume anayesukuma vitanda, kisha daktari wa wodi, kisha shemeji, aliyekuwa ameleta maziwa. Macho ya mama yaliwapitia kama yanavyopitia viti. Nikaingia mimi, yakafungwa. Nikatoka, baada ya muda yakafunguka. Akamvisha yule msukuma vitanda koti langu, akamwingiza. Yakabaki wazi. Nikaingizwa tena bila koti, yakafungwa.

Nilijisikia kama mtu anayefungua mlango wa bafu mzazi akiwa ndani, tena na tena, kwa makusudi.

"Inatosha," nilimwambia.

"Haitoshi. Watasema ni bahati. Nenda mpaka kitandani, umtazame usoni."

Nikakataa. Nilimwambia kwamba kuna mambo mtu hafanyi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza kesho nitaiambia familia nini. Kwamba mama hulala nikija? Shemeji yangu atajibu kwamba hata yeye husinzia nikianza kuongea. Ilikuwa kweli, nimewahi kumwona.

Basi nikaenda. Nikasimama juu yake na kumtazama mama mkwe wangu usoni. Ulikuwa uso mdogo kuliko wa picha, wenye kovu juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Macho alikuwa amefunga. Sikuondoka. Nadhani alingoja viatu vyangu vitoke, na havikutoka, kwa hiyo akafungua jicho kidogo aone kulikoni, akanikuta nimemkodolea. Ndipo mkono wa kushoto, ule ambao hospitali nzima ilikuwa imeuomba uinue kidole kimoja tu, ukatoka ndani ya blanketi. Ulipanda hadi kichwani ukitafuta kitambaa. Walikuwa wamemvua siku ya kwanza. Vidole vilipapasa nywele fupi nyeupe, huku na kule, vikakosa. Akashika shuka. Akalivuta kuelekea usoni, likakwama, akalivuta tena, likafika.

"Yuko," daktari alisema nyuma yangu. Halafu kwa haraka, "Toka sasa, mwalimu. Tafadhali toka."

Nililia kwenye korido, mbele ya maelezo ya kunawa mikono. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, na sikuweza kuzitenganisha. Ili kuonyesha kwamba yule ni mtu, nilikuwa nimemfanyia jambo ambalo mtu hafanyiwi.

Jumamosi daktari aliieleza familia mwenyewe. Mke wangu alikwenda moja kwa moja kitandani akalala kifuani kwa mama yake. Shemeji alitoka nje. Aliporudi baada ya muda mrefu alikuwa na kitambaa cha kichwa kipya, cha maua, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Habari ya kutoa mpira haikuzungumzwa tena.

Baada ya majuma kadhaa mama alijifunza kumeza, akilishwa na binti yake au na mwanamke mwingine yeyote, mradi nisiwe karibu. Mke wangu akapata uhamisho kurudi Nyeri, tukamleta mama Skuta. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni kwa sababu ya jua, nami nikahamia jikoni. Tuliongea kama zamani, ila sasa yeye ndiye aliyekuwa sebuleni na mimi nikaongea peke yangu. Nilimsimulia umbea wa chuo. Nikikosea mambo ya kanisa lake, mke wangu alisema, mama alikuwa akitoa sauti fulani ya puani, na mimi nikajirekebisha.

Kufika chumba cha kulala lazima upite sebuleni. Nilisema "Napita!" nikapita uso umeelekea ukutani, naye akafunga macho. Wanetu walipokuja kututembelea walicheka hadi machozi. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, katika nyumba yangu, na mgongo ulikuwa unaniuma. Kuna siku nilitamani ningeoa mahali ambapo watu hupeana mikono mambo yakaisha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Mtu akikuhifadhia heshima kwa nguvu zake zote, nawe huna budi kumhifadhia, na kazi hiyo haina likizo.

Hata hivyo kila nilipopita nilimuuliza mke wangu, "Amefunga?" naye akasema, "Amefunga," nami nikaenda kusahihisha karatasi zangu nikiwa na amani. Daktari wa akili alipopitia kwetu katika safari zake za Kerugoya hakuhitaji kuuliza mengi.

"Bado anafunga?"

"Bado."

"Vizuri," alisema, akanywa chai yake.

Ilikuwa Jumapili ya mvua za masika, tumekosa kanisa kwa sababu ya barabara. Mke wangu alikuwa akimlisha mama. Nikasema "Napita!" nikaanza kupita.

"Hebu geuka!" mke wangu aliita. "Daddy, geuka uone! Anakuangalia!"

Niligeuka. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa juu yangu, matulivu. Nilisogea kuelekea mlangoni, yakanifuata. Nikarudi, yakarudi nami. Yalinitazama kama yalivyokuwa yamemtazama yule msukuma vitanda. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya blanketi na haukusogea.

Mke wangu alikuwa tayari ameshika simu. "Mama amepata nafuu!" alimwambia kaka yake. "Ameacha ile mambo ya kujificha. Anamwangalia mwalimu, macho kwa macho!" Nilimsikia shemeji upande wa pili akimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mke wangu, simu ikiwa sikioni, akanisukumia bakuli. "Mlishe wewe leo. Jaribu, si ameshakubali?"

Nikakaa kwenye kiti chake. Nilichota uji, nikapeleka kijiko karibu na mdomo, nikangoja aukaze. Niliomba aukaze, nijue bado yuko.

"Mama," nilisema. "Ni mimi. Ni mkwe wako."

Alifungua mdomo. Akameza akinitazama, akafungua tena.

"Umeona?" mke wangu aliniuliza, akiwa na machozi ya furaha.

Nikamwambia nimeona, nikaendelea kumlisha mpaka uji ukaisha.